Walimu wa Kiswahili Ugenini Tangu Berlin, 1887

Kiswahili kilianza kufundishwa rasmi katika chuo kikuu cha Ulaya mwaka 1887, Seminari ya Lugha za Mashariki ilipofunguliwa mjini Berlin. Kabla ya hapo Mzungu aliyetaka kukijua alikifuata pwani na kujifunza kwa wenyeji. Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alisaidiwa na kadhi wa mji huo, Sheikh Ali bin Mohidin, katika kutafsiri Kitabu cha Mwanzo. Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA alifika Unguja mwaka 1864, akajifunza kwa watu wa kisiwani na kuchapisha mwongozo wake wa lugha mwaka 1870. Enzi hizo msafiri alikuwa mwanafunzi. Berlin ilibadili utaratibu: mwanafunzi alibaki kwao, mwalimu akavuka bahari. Kuanzia hapo kila chuo kilichofundisha Kiswahili mbali na pwani kilikabiliwa na kazi mbili, kumpata mwalimu na kumfanya akae. Ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza, na sababu zake nyingi zilitokana na jinsi nafasi yenyewe ilivyopangwa.

Walimu wawili, somo moja

Seminari ya Berlin ilianzishwa kwa msukumo wa Kansela Otto von Bismarck ndani ya Chuo Kikuu cha Friedrich-Wilhelm, gharama zikichangiwa na Dola ya Ujerumani na serikali ya Prussia. Mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Eduard Sachau. Lugha nyingi zilizofundishwa zilikuwa za dola kubwa za Asia na nchi za Kiislamu: Kichina, Kijapani, Kiarabu, Kiajemi na Kituruki. Kiswahili kiliingizwa kwa sababu Februari 1885 kampuni ya Carl Peters ilikuwa imepewa hati ya kifalme ya kutawala sehemu za Afrika Mashariki, na Ujerumani ikawa na haja ya watu wanaoweza kuzungumza na wakazi wake. Waliokaa madarasani walikuwa maofisa wa serikali, wanajeshi, wafanyabiashara na wamisionari waliojiandaa kwa safari.

Kila lugha ilikusudiwa kuwa na walimu wawili. Wa kwanza alikuwa Mjerumani aliyefundisha sarufi na kusimamia somo zima. Wa pili, aliyeitwa lekta, alikuwa mzawa wa lugha. Huyu alishughulikia matamshi, mazungumzo na usomaji wa barua. Kazi ya barua ilikuwa nzito kwa upande wa Kiswahili, kwa kuwa maliwali, majumbe na wafanyabiashara wa pwani waliandikiana kwa herufi za Kiarabu. Ofisa asiyeweza kuzisoma alimtegemea karani kwa kila jambo. Haja hiyo ilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 1892 Seminari ilitoa kitabu kizima cha maandishi ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kwa ajili ya mazoezi ya wanafunzi.

Kitabu hicho kilitayarishwa na Carl Gotthilf Büttner, Mjerumani wa kwanza kushika somo la Kiswahili. Büttner alikuwa amefanya kazi ya umisionari miongoni mwa Waherero, kusini magharibi mwa Afrika. Alizijua lugha za Kibantu kwa upande huo wa bara, wala hakuwa amekulia katika Kiswahili. Kwa hiyo lekta hakuwa pambo la darasa. Alikuwa mtu pekee chumbani aliyekuwa na lugha kinywani, ingawa katika ngazi za chuo alikaa chini ya mwenzake kwa cheo na kwa mshahara.

Kumpata lekta

Lekta wa kwanza wa Kiswahili alikuwa Sleman bin Said, aliyefundisha kuanzia 1889 hadi 1891. Alifuatwa na Amur bin Nasur, aliyekaa hadi 1895. Wote wawili walitoka Unguja. Kila mmoja aliandika habari za safari na maisha yake ya Ulaya, na maandishi yao yakaingizwa katika mkusanyiko wa fasihi ya Kiswahili uliotolewa kwa jina la Büttner mwaka 1894, baada ya kifo chake. Hivyo lekta alizalisha pia vitabu vya kusomea. Hadithi, mashairi na maelezo ya mila yaliyokuwa kichwani mwake yaligeuzwa masomo ya darasani na mali ya kitaaluma ya Seminari.

Watu wenye sifa zilizotakiwa hawakuwa wengi. Lekta alihitaji kuwa na Kiswahili kilichosifiwa, aweze kusoma na kuandika, awe na adabu za kukaa na maofisa, na akubali kuishi miaka kadhaa katika nchi ya baridi, mbali na jamaa, msikiti na chakula alichokizoea. Kijana wa pwani aliyesoma chuoni na kujua kuandika hakuwa mtu wa kukosa kazi nyumbani. Wafanyabiashara walimtaka awaandikie hesabu na barua. Forodha ilimtaka. Utawala wa Kijerumani wenyewe, uliotwaa pwani kwa nguvu baada ya vita vya Abushiri vya 1888 na 1889, uliwataka watu hao hao wawe maakida, makarani, wakalimani na walimu wa shule za serikali. Serikali ilijikuta ikishindana na chuo chake.

Siasa nayo ilibadili mahali pa kuwatafuta. Kwa mkataba wa Heligoland wa mwaka 1890, Unguja na Pemba ziliingia chini ya ulinzi wa Uingereza. Berlin haikuwa tena na kauli katika mji ambao lafudhi yake ilihesabiwa kuwa kipimo cha Kiswahili kizuri. Lekta mashuhuri kuliko wote alitoka Mrima, pwani ya bara inayokabili Unguja, kwenye himaya ya Wajerumani.

Mtoro bin Mwinyi Bakari

Mtoro bin Mwinyi Bakari alizaliwa Dunda, karibu na Bagamoyo, yapata mwaka 1869. Alisoma elimu ya dini na kuishi Bagamoyo wakati mji huo ulipokuwa kituo kikuu cha misafara ya bara. Alifika Berlin mwaka 1900 kufanya kazi chini ya Carl Velten, aliyekuwa mkalimani wa serikali ya koloni kabla ya kurithi somo la Büttner mwaka 1896.

Kazi ya Mtoro ilizidi mafunzo ya mazungumzo. Yeye ndiye mchangiaji mkuu wa Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotolewa Göttingen mwaka 1903, kinachoeleza uzazi, unyago, ndoa, ngoma, kilimo, deni, utumwa na mazishi ya watu wa Mrima. Miaka miwili kabla yake kulitoka mkusanyiko wa habari za safari ambao Mtoro naye aliuchangia. Jalada la Desturi lilimtaja Velten kuwa mkusanyaji na mhariri. Mtoro, aliyeziandika habari nyingi zilizomo, hakutajwa hapo. Kwa mtu wa chuo kikuu, kitabu ni hatua ya kupandia cheo. Lekta hakuwa na ngazi ya kupanda, na kitabu alichokiandika kilimpandisha mwingine.

Darasani hali yake ilikuwa ya mvutano. Wanafunzi wake walikuwa wakijiandaa kwenda kutawala watu wa kwao, na baadhi yao hawakukubali kumheshimu Mwafrika aliyesimama mbele yao kama mwalimu. Mtoro aliipinga dharau hiyo, na mwaka 1905 akaacha kazi. Mwaka uliotangulia alikuwa amemwoa Bertha Hilske, mwanamke wa Kijerumani. Walipofunga safari ya kurudi Afrika Mashariki, serikali ya koloni ilikataa mume na mke huyo waingie nchini pamoja, nao wakalazimika kurejea Ujerumani. Seminari ilikuwa imempoteza mwalimu wake bora, na koloni ikamfungia mlango raia wake aliyeijua Ujerumani kuliko wengi.

Alirudi kufundisha mwaka 1909, safari hii Hamburg. Taasisi ya Kikoloni ilikuwa imefunguliwa huko mwaka 1908, na Carl Meinhof akapewa kiti cha kwanza cha uprofesa wa lugha za Kiafrika katika Ujerumani. Hamburg ilijivunia uchunguzi wa sauti za lugha kwa mashine katika maabara ya fonetiki iliyoanzishwa mwaka 1910. Wazawa wa lugha waliofanya kazi hapo waliitwa wasaidizi wa lugha. Walifundisha, walihojiwa, na sauti zao zilirekodiwa na kupimwa. Cheo hicho kilishuka hata chini ya kile cha lekta, kwani kilimweka mwalimu karibu na vifaa vya utafiti kuliko na watafiti. Mtoro aliondoka Hamburg mwaka 1913. Baada ya hapo aliishi kwa kutoa mihadhara ya hadhara kuhusu Afrika Mashariki katika miji ya Ujerumani, hadi alipofariki Berlin mwaka 1927.

Baada ya koloni kupotea

Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliinyang'anya Ujerumani makoloni yake. Kazi kubwa ya Kiswahili katika vyuo vyake, yaani kuwaandaa maofisa wa koloni, ikaisha. Somo lenyewe liliendelea, lakini njia ya kuwaleta walimu kwa mikataba kutoka pwani ilikuwa imekatika. Vyuo vikategemea Waafrika waliokuwa tayari wakiishi Ujerumani.

Mmoja wao alikuwa Bayume Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904 na kutumikia jeshi la Kijerumani akiwa mtoto wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Alikwenda Berlin mwaka 1929 kudai malimbikizo ya mshahara wa baba yake na wake mwenyewe, na dai lake likakataliwa. Alibaki, akawa mhudumu katika jumba la starehe la Haus Vaterland, mwigizaji wa sinema, na msaidizi wa somo la Kiswahili katika Seminari, ambako Diedrich Westermann alikuwa bingwa wa lugha za Kiafrika. Ualimu haukutosha kumlisha, ndiyo maana kazi zilikuwa tatu. Mwaka 1941 ualimu wake ulikoma, na mwaka huo huo alikamatwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamke wa Kizungu. Alipelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen, akafia huko tarehe 24 Novemba 1944.

London na njia ya kujifunzia kazini

Uingereza ilichelewa. Chuo cha Taaluma za Mashariki cha London, ambacho baadaye kiliongeza Afrika katika jina lake na kujulikana kwa kifupi SOAS, kilipokea wanafunzi kuanzia mwaka 1917. Kiswahili kilishikwa na Alice Werner, aliyekuwa amezuru pwani ya Afrika Mashariki kabla ya vita na kukusanya tenzi na hadithi. Ethel Ashton, aliyefundisha baadaye, alitoa mwaka 1944 kitabu cha sarufi kilichotumika kwa miongo mingi. Waafrika waliokuwa London walitumiwa kama wasaidizi. Jomo Kenyatta mwenyewe, katika miaka ya 1930, alifanya kazi na wanafonetiki wa University College kuhusu lugha ya Kikuyu.

Tofauti kubwa ya Waingereza ilikuwa kuuhamishia ufundishaji kwenye makoloni. Ofisa alipata msingi London, Oxford au Cambridge, kisha akatakiwa kufaulu mitihani ya Kiswahili akiwa kazini Kenya, Tanganyika au Unguja. Mwalimu wake alikuwa mtu wa mji aliyelipwa kwa saa, au karani wa boma. Njia hii ilipunguza haja ya kumvusha mwalimu bahari, na mwanafunzi alikutana na lugha mahali inapozungumzwa. Hata hivyo haikujenga taaluma ya kufundisha wageni. Mamia ya watu wa pwani na bara walifundisha Wazungu Kiswahili bila cheti, bila kitabu chao wenyewe, na bila jina lao kuandikwa popote.

Marekani: mwalimu wa mwaka mmoja

Baada ya Umoja wa Kisovieti kurusha setilaiti ya Sputnik mwaka 1957, Marekani ilipitisha mwaka 1958 sheria ya elimu kwa ulinzi wa taifa, iliyotenga fedha za kufundisha lugha ambazo vyuo vyake vilikuwa vimezipuuza. Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zilizonufaika. Mwaka 1961 Peace Corps, shirika la Marekani la wajitoleaji, ilianzishwa, na kundi la mapema la vijana wake likatumwa Tanganyika. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mahitaji yaliongezwa na wanafunzi Weusi waliodai masomo ya Afrika katika vyuo vikuu. Kwao Kiswahili kilikuwa ishara ya asili na umoja. Sherehe ya Kwanzaa, iliyoasisiwa na Maulana Karenga mwaka 1966, ilichukua istilahi zake katika lugha hiyo.

Mahitaji yalipanda ghafla na walimu hawakuwepo. Vyuo vilijaza pengo kwa wanafunzi wa Kenya na Tanzania waliokuwa wakisomea shahada za juu. Mwanafunzi alifundisha Kiswahili, na chuo kikamlipia karo na posho, hata kama shahada yake ilikuwa ya uchumi, siasa au elimu. Mpango wa Fulbright wa walimu wasaidizi wa lugha za kigeni uliongeza njia nyingine: kijana mwenye shahada huenda Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo, hufundisha lugha yake, kisha hurudi nyumbani kama masharti ya viza yanavyotaka.

Njia zote mbili ni za bei nafuu na huleta sauti hai darasani. Udhaifu wake umo katika muda. Mwanafunzi huondoka akishahitimu, na wa Fulbright huondoka wakati ndiyo kwanza ameanza kuyajua makosa ya wanafunzi wake. Anayemfuata huanza upya na ngeli, viambishi vya kitenzi na maamkizi. Idadi ya wanafunzi ikipungua kwa muhula mmoja, somo lisilo na mwalimu wa kudumu ndilo rahisi kulifuta.

Walimu waliokaa

Sura nyingine ilionekana pale ambapo chuo kilimpa mzawa wa lugha nafasi yenye muda na heshima. Abdilatif Abdalla, mshairi wa Mombasa aliyefungwa kwa sababu za kisiasa kuanzia 1969 hadi 1972, alifanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na baadaye Idhaa ya Kiswahili ya BBC, kisha akafundisha Chuo Kikuu cha Leipzig tangu 1995 hadi 2011. Said Ahmed Mohamed, mwandishi wa riwaya mzaliwa wa Pemba, alifundisha Osaka nchini Japani kabla ya kuwa profesa wa fasihi za Kiafrika huko Bayreuth. Farouk Topan, aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa ufundishaji wa fasihi ya Kiswahili Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alifundisha SOAS kwa miaka mingi. Abdulaziz Lodhi, mzaliwa wa Zanzibar, alijenga somo hilo Uppsala nchini Sweden.

Hawa hawakuletwa kumsaidia profesa kutamka. Walikuwa wataalamu kwa haki yao, waliochapisha kwa majina yao na kusimamia tasnifu. Nafasi za namna hiyo zimebaki chache. Upanuzi wa Kiswahili katika vyuo vya Ulaya na Marekani umeendelea kutegemea zaidi mikataba mifupi.

Uhaba ndani ya Afrika

Katika karne ya 21 mahitaji makubwa mapya yametoka Afrika yenyewe. Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017. Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, SADC, ilikipokea miongoni mwa lugha zake rasmi mwaka 2019. Afrika Kusini ilitangaza mwaka 2018 kuwa shule zake zingeruhusiwa kukifundisha kama somo la hiari kuanzia 2020. Novemba 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na mwaka 2022 Umoja wa Afrika ukakikubali kuwa lugha yake ya kazi.

Uganda ndiyo mfano ulio wazi wa tamko kutangulia mwalimu. Katiba yake ilirekebishwa mwaka 2005 ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa sekondari ulioanza mwaka 2020 ulikifanya somo la lazima katika madarasa ya mwanzo, lakini shule nyingi hazikuwa na mtu wa kulifundisha. Kwa miongo kadhaa Kiswahili kilikuwa kimehusishwa huko na jeshi na utawala wa mabavu, na vijana wachache walikichagua vyuoni. Mwalimu wa sekondari huandaliwa kwa miaka, tangu kidato hadi shahada, kwa hiyo agizo la mtaala halingeweza kujaza nafasi hizo kwa muhula mmoja.

Ng'ambo ya mpaka hali ni kinyume. Tanzania ina wahitimu wengi wa ualimu wa Kiswahili wanaosubiri ajira. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lililoundwa mwaka 1967, limeanzisha kanzidata ya wataalamu na kozi za kufundisha Kiswahili kwa wageni. Zanzibar ilianzisha Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni mwishoni mwa miaka ya 1970, na wageni wengi wamepitia madarasa yake. Mafunzo haya yanaziba pengo la zamani, kwa kuwa mhitimu aliyezoea kuwafundisha wanaokizungumza Kiswahili tayari huhitaji ujuzi mwingine mbele ya mtu asiyekijua kabisa.

Kinachobaki ni masharti ya kazi. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inaruhusu wafanyakazi kuvuka mipaka, lakini makubaliano ya kutambuana sifa za taaluma yalianza na wahasibu, wasanifu majengo na wahandisi. Mwalimu anayevuka mpaka hukutana na usajili wa bodi ya ualimu ya nchi nyingine, kibali cha kazi, mshahara wa sarafu nyingine, na swali la nani atakayelipa pensheni yake. Mikataba ya serikali mbili, kama uliosainiwa kati ya Tanzania na Afrika Kusini mwaka 2022, hufungua mlango. Muda wa mkataba wa mwalimu, cheo chake na nafasi yake ya kupanda hupangwa na shule au wizara inayomwajiri. Haya ndiyo mambo yaliyoamua, Berlin kwa Mtoro na Leipzig kwa Abdilatif, kama mwalimu ataondoka mapema au atakaa.